Meza Isiyo na Nzi

Nimewahi kula DDT mbele ya mkutano wa hadhara, na nikapigiwa makofi. Nilikuwa bwana afya kijana, nimetoka chuoni juzi na suruali iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, nikapangiwa Mtwara, mimi mtu wa milimani kaskazini ambaye samaki nilimjua wa kwenye kopo tu. Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini. Watu wa pwani ya kusini walikuwa wameondolewa kwenye mashamba yao ya mikorosho, wakajijengea kwa haraka nyumba zilizopangwa mstari, na kabla hata udongo wa kuta haujakauka kunguni walikuwa wamekwisha kuingia. Kunguni hawakuhitaji kuhamasishwa na mtu.

Idara ikanituma kwenye kijiji kimoja cha Ghuba ya Mnazi na mapipa mawili ya unga mweupe wa DDT. Kazi yangu ilikuwa kueleza faida za dawa ile, kisha kunyunyizia kila nyumba. Nilieleza kwa saa nzima. Watu walinisikiliza kwa adabu, na hakuna aliyeinuka kwenda kufungua mlango wake. Mwishowe mzee mmoja akasimama.

"Ndugu bwana afya," alisema, "dawa inayoua kunguni kitandani, mimi ntu ninayelala kitanda hichohicho itaniachaje?"

Lilikuwa swali zuri kuliko majibu yote niliyokuwa nayo. Lakini hasira zangu zilikuwa za karibu, na nilikuwa sipendi kuulizwa maswali mazuri mbele ya watu. Nikakumbuka alichofanya mkufunzi wetu mmoja chuoni mbele ya darasa, nami nikachovya kidole ndani ya pipa, nikakitia mdomoni, nikameza.

"Mnaniona? Nimekufa?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Nyumba zote zikanyunyiziwa siku ileile, na mwenyekiti wa kijiji akanipa jogoo. Pipa moja likabaki halijafunguliwa. Nikaona kulirudisha mjini ni kazi bure, nikaliacha kwenye duka la kijiji ili wananchi wajinunulie kidogo kidogo kunguni wakirudi. Katika ripoti niliandika kwamba kijiji kile sasa kinajitegemea katika vita dhidi ya kunguni. Mkubwa wangu, bwana afya wa wilaya, aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, mara mbili.

Mjini, vita yangu ilikuwa na nzi. Kila juma nilikagua soko, na adui alikuwa amejikita upande wa samaki wakavu. Kule kuliuzwa ng'onda, yaani samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani mpaka akawa mgumu. Wauzaji walikaa na vipepeo vya ukindu wakipunga siku nzima, na nzi waliinuka na kutua tena palepale bila haraka. Niliwahutubia wale wauzaji mpaka koo likanikauka. Wengi walinitikia "ndiyo, ndugu" na kuendelea kupunga.

Meza moja tu ndiyo haikuwa na nzi. Ilikuwa ya mama mmoja mjane wa kutoka kijiji kilekile nilikomeza unga. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kupanga samaki wake kwa ukubwa kama mwalimu anavyopanga watoto mstarini. Hakupunga kipepeo. Alikaa amekunja mikono, akingoja wateja, na wateja walikuja: wake wa makarani wa bandari, walimu, manesi, watu wa bara kama mimi waliokuwa hawajui kuchagua samaki na waliomwamini awachagulie. Mimi mwenyewe nilikuwa mteja wake. Nilipopita nilimwamkia shikamoo kwa sauti ili wengine wasikie, kisha nikawageukia.

"Mnaiona meza ya mama huyu? Njooni mjifunze usafi!"

Sikumwuliza hata siku moja alifanyaje. Niliamini kabisa kwamba yale yalikuwa matunda ya hotuba zangu.

Asubuhi moja nilikuwa nimesimama pale nikimsifu kwa mara ya ishirini, nzi mmoja akatua juu ya ng'onda mkubwa mbele yangu. Akatembea hatua chache, akaanza kuzunguka, akalala chali na kurusha miguu. Nikainama. Katikati ya nyama, palipopasuliwa, palikuwa na weupe ambao nilidhani siku zote ni chumvi. Nikapangusa kwa kidole na kunusa. Harufu ile niliijua. Nilikuwa nimeshinda nayo siku nzima ndani ya Landrova, siku ile ya kupeleka mapipa kijijini.

Nasema wazi kwamba nilipandwa na ghadhabu, na sehemu kubwa ya ghadhabu ile ilikuwa aibu. Nilikuwa nimeisifu meza ile mbele ya soko zima. Nikapiga kelele. Nikaita vibarua wa soko wachukue makapu yake yote matatu, tukachimba shimo nyuma ya choo cha soko, nikamimina mafuta ya taa juu ya samaki kama sheria ilivyotaka, tukafukia. Na nilipokuwa nafukia nilikuwa natangaza: "Sumu! Mama huyu anawauzia sumu!" Watu walikuwa wamejaa, wengine wamepanda juu ya meza ili waone.

Yeye alisimama pembeni, ameshika ncha ya kanga yake. Hakulia wala hakunijibu kwa ukali.

"Ndugu, ile dawa nimenunua dukani kwetu kwa haki," alisema. "Kosa langu lipi?"

"Utaeleza mahakamani," nikamjibu, na nilijisikia mkubwa sana.

Lazima nieleze meza ile ilikuwa na maana gani kwake. Alipohamishiwa kijijini aliacha nyuma shamba la mikorosho aliloachiwa na marehemu mumewe, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Aliporudi kulitazama alikuta nguruwe na vichaka vimemtangulia. Kijijini alipewa eneo la kujenga tu. Akaanza kununua samaki kwa wavuvi, akawapasua na kuwaanika mwenyewe, na kwa samaki hao akapata kibali cha meza mjini, kwa jina lake, karatasi yenye mhuri. Akipatikana na hatia, kibali kingefutwa, na jina lake lingebaki la mwuza sumu. Meza ile ndiyo ilikuwa shamba lake jipya, na mimi ndiye niliyeshika panga.

Mkubwa wangu alifurahi. "Hiyo ndiyo kesi," alisema. "Tumpate mmoja, wengine watajifunza. Nenda kijijini ukakusanye ushahidi."

Nikaenda. Duka la kijiji lilikuwa chumba kimoja cha bati: gunia la sukari, gunia la chumvi, debe la mafuta ya taa, majembe, vibiriti. Kati ya gunia la sukari na la chumvi lilikaa pipa. Mtunza duka, kijana mkunjufu, alifurahi kuniona na akanionyesha jinsi anavyouza. Alichota unga kwa kopo, akaupima, akaufunga kwenye kipande cha gazeti kwa umbo la pembe, akakunja ncha juu. Kisha akalipangusa lile kopo kwa kitambaa, kwa uangalifu mkubwa, na kulirudisha kwenye sukari.

"Nani ananunua?" nikamwuliza.

"Watu wa samaki, ndugu. Hasa wakati wa masika, funza wanawasumbua sana."

"Na nani aliwaambia dawa ya kunguni ni ya samaki?"

Akanitazama kwa huruma kidogo. "Ni dawa ya wadudu. Kunguni ndudu. Funza naye ndudu."

Nikauliza kama pipa lilikuja na maelezo yoyote. Akasema lilikuwa na karatasi imebandikwa, kwa Kizungu, ikabanduka kwa unyevu, lakini stakabadhi ya kulipokea anayo. Akaitoa kwenye kibweta. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wangu na kutiwa sahihi yangu, na chini yake nilikuwa nimeongeza, bila kuulizwa na mtu, maneno haya: *Dawa salama. Itumike bila hofu.*

Nilirudi mjini. Ofisini nikatoa jalada la dawa zile, nikatafuta waraka uliokuja na mapipa. Ulikuwa kurasa nne za Kiingereza kigumu. Ukurasa wa kwanza, wenye vipimo vya kuchanganya, ulikuwa na alama zangu za penseli. Kurasa tatu zilizofuata zilikuwa safi kama zilivyotoka kiwandani, kwa sababu sikuwahi kuzifungua. Huko ndiko walikosema dawa isikae karibu na chakula, wala isigusane nacho. Walisema haiozi. Jua haliimalizi, maji hayaioshi, na jiko haliiondoi. Ikiingia kwa mtu hujihifadhi kwenye mafuta ya mwili wake, na hukaa.

Niliusoma waraka ule mara tatu. Kisha nikaupeleka kwa mkubwa wangu pamoja na stakabadhi, nikamwomba tuifute kesi. Akasoma, akavua miwani.

"Kesi imeshafika mahakamani," alisema. "Mama ameuza samaki wenye sumu, hajauza? Ameuza. Mengine haya ni mambo ya ndani ya idara. Utaulizwa ulikuta nini mezani, utajibu ulikuta nini mezani. Basi."

Nilitoka mle nikiwa na waraka mfukoni. Sikuwa nimeamua kitu.

Mahakama ya mwanzo ilikuwa nyumba ya chokaa yenye mabenchi sita. Hakimu alikaa mbele, na kila upande wake mzee wa baraza mmoja, raia wa kawaida walioteuliwa kumshauri na kupiga kura naye. Mawakili huko hawaruhusiwi. Kila mtu hujisemea. Mabenchi yalijaa watu wa soko, na nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa mkubwa wangu na kofia yake magotini.

Nilieleza nilichokiona mezani. Nilieleza vizuri, kwa Kiswahili cha shule, na nzi yule nilimweleza kwa urefu. Hakimu akaandika. Kisha akamgeukia mama na kumwambia ana haki ya kuniuliza maswali.

Mama akasimama. Alikuwa amevaa kanga mpya, nadhani ya kuazima, maana ilimzidi.

"Nnakuuliza, ndugu bwana afya. Siku ya nkutano kijijini kwetu, ulitwambia dawa ile ni mbaya?"

"Hapana."

"Ulitwambiaje?"

"Niliwaambia ni salama."

"Tulipokataa, ulifanya nini?"

Nikatazama nyuma. Mkubwa wangu alikuwa akinitazama pia. Kumbukumbu yangu ya dakika ile ni joto la bati juu ya vichwa vyetu na kalamu ya hakimu ikingoja. Nilijua ningeweza kusema sikumbuki. Wangapi wamesema sikumbuki mahakamani wakarudi nyumbani kula wali?

"Niliitia mdomoni," nikasema.

Hakimu akainua uso. "Uliitia wapi?"

"Mdomoni, Mheshimiwa. Kwa kidole. Nikameza."

Mahakama nzima ikacheka, na hakimu akaiacha icheke kidogo kabla ya kugonga meza. Mama hakucheka. Akasema taratibu, akimtazama hakimu na si mimi:

"Mheshimiwa, mimi sikwenda shule. Nimemwona ntu wa serikali anakula ile dawa, anasema 'nimekufa?' Hakufa. Nikasema moyoni, kumbe dawa hii nkubwa anaila kavu, mimi nikipaka samaki kidogo, nikaosha, nikapika, kosa liko wapi? Nami nnakula. Samaki niliowauzia watu, ndio wale nilokuwa nnakula kwangu."

Akakaa. Hakimu akaniuliza kama nina la kuongeza, na mimi, ambaye nilikuwa sijaamua kitu mpaka sekunde ile, nikautoa waraka. Nikautafsiri mstari kwa mstari, kurasa zote nne. Nikatoa stakabadhi na kusoma nilichoandika chini yake. Sauti yangu haikutetemeka, na hilo najivunia mpaka leo. Nikasema pipa nililiacha mimi, karatasi yenye onyo haikuwa kwa lugha ya mtu yeyote aliyelitumia, na kama ni kutafuta aliyeweka sumu kwenye samaki, njia inaanzia kwenye kidole changu. Nyuma nikasikia benchi likilia na mlango ukifungwa. Sikuhitaji kugeuka kujua ni nani aliyetoka.

Ndipo mzee wa baraza wa kulia akaomba kuuliza.

"Duka lililouza ni la nani?"

"La kijiji," nikajibu.

"Na mshitakiwa ni mwanakijiji?"

"Ndiyo."

"Basi duka ni lake. Ameuziwa na yeye mwenyewe." Akatikisa kichwa. "Na idara ni ya wananchi, yaani ni yetu sisi. Sasa Mheshimiwa, kitu kikiwa cha wote, kesi anafungua nani, na anafungwa nani?"

Watu walidhani anatania, na pengine alitania. Lakini hakimu aliweka kalamu chini, akamjibu, na nimeshuhudia mahakimu wengi tangu hapo lakini sijaona aliyejibu vizuri zaidi. Alisema kitu kikiwa cha wote, kila mtu anajibu kwa kile alichoshika mkononi. Mama alishika unga aliouziwa bila onyo, hivyo hana hatia, na kibali chake kibaki. Duka limeshika pipa: lisiuze tena dawa yoyote iliyofunguliwa, wala isiyo na kibandiko cha Kiswahili, wala isikae chumba kimoja na chakula.

"Na wewe ndugu bwana afya," akamalizia, "ulishika waraka. Kalifuate pipa lako."

Nililifuata. Vibandiko niliviandika mwenyewe kwa wino mwekundu, SUMU juu, na maelezo chini ambayo mtoto wa darasa la nne angeyasoma. Nikavipeleka kwenye kila duka la kijiji nililoweza kulifikia kuanzia Mtwara hadi mdomo wa Ruvuma. Hapakuwa na sheria iliyonituma kufanya hivyo. Baadaye wakubwa walipotunga kanuni, walikuta vibandiko vyangu vimeshafifia ukutani. Mkubwa wangu aliniandikia barua ya onyo kali kwa kutoa siri za idara. Ninayo bado, na nimewaambia wanangu wasiitupe.

Nilidhani mambo yamekwisha. Majuma matatu baadaye mama alikuja ofisini. Alikataa kiti. Nikamwamkia, akaitikia.

"Kibali ninacho," alisema. "Meza ninayo. Wateja sina. Nchana kutwa nakaa, wanapita kama wananiona jini."

"Lakini hakimu alisema huna hatia."

"Hakimu alisema nbali, kwenye chumba. Wewe ulisema sokoni. Ulinizika mbele ya watu, ndugu. Nifukue mbele ya watu."

Nilikwenda kuomba ruhusa. Mkubwa wangu, bila kuinua macho, alisema serikali haiombi radhi sokoni. Nikamwambia nitakwenda kama raia, siku yangu ya mapumziko, na nikaenda.

Soko lilikuwa limejaa. Nikasimama juu ya kreti ya soda na kusema kila kitu: kidole, pipa, stakabadhi, waraka nisiousoma. Watu waliacha kununua wakasikiliza. Nikasema mama huyu sasa anatumia chumvi na jua tu, nimekwenda kuona uanikaji wake. Nikashuka, nikachukua kipande cha ng'onda, nikataka kukila mbele yao. Mama akanishika mkono.

"Usile," akaninong'oneza. "Wewe ukila, wataogopa zaidi."

Alisema kweli. Nikakirudisha. Wakati huo nzi walikuwa wamekwisha kujaa juu ya samaki wake, weusi, wazima, wanatembea watakavyo, naye amenunua kipepeo kipya. Nikawaonyesha watu. Mimi, bwana afya, niliyeapa kuwamaliza nzi wa soko lile, nikajisikia nikipaza sauti: "Tazameni nzi! Wanatua, wanaruka, hawafi! Palipo na nzi ndipo pazima!" Wauzaji wenzake walicheka mpaka wakashikana. Mke wa karani mmoja wa bandari akasogea, akaomba wawili wakubwa. Akafuata mwingine. Kufikia adhuhuri kapu moja lilikuwa limekwisha.

Nilikuwa na furaha isiyo na kifani. Nikakaa kando yake nikijifuta jasho, nikingoja anishukuru, maana nilikuwa bado mimi yuleyule. Badala yake aliniuliza swali.

"Ule waraka ulisema ikiingia mwilini inakaa."

"Ndiyo, mama."

"Wale nilowauzia zamani, itawatoka lini?"

Nilikuwa na majibu ya kila kitu siku zile: ya nzi, ya vyoo, ya kunguni, ya maji ya kunywa. Nilitafuta jibu hilo katika kurasa nne na katika miaka mitatu ya chuo.

"Sijui," nikasema.

Akaanza kupanga samaki waliobaki ndani ya kapu. Nilimwuliza anakwenda wapi, biashara ndiyo kwanza imeanza kurudi. Akasema wateja wake anawajua mmoja mmoja. Leo wamesikia waliokuja sokoni, wasiokuja hawajasikia. Wapo wenye watoto wanaonyonya. Mtu akikulisha kitu, alisema, lazima akwambie ulichokula, hata kama hakuna dawa ya kukitoa.

"Watakukimbia tena, mama. Meza utaikosa."

"Huenda," alisema, na akajitwisha kapu.

Nikamfuata. Tulianzia nyumba za bandari, zile zilizojengwa mistari miwili kwa ajili ya makarani. Kila mlango alipiga hodi, akavua ndala, akasema maneno yaleyale bila kuongeza wala kupunguza: "Samaki nilokuuzia kabla ya kesi walikuwa na dawa ya kunguni. Mimi nilipaka. Sikujua. Nimekuja kukwambia." Kisha alininyooshea mkono, nami nikasema langu. Nyumba ya kwanza walitusikiliza na kutupa maji ya kunywa. Ya pili mama mmoja alimtazama mtoto wake mgongoni na kulia, na sisi tukakaa naye mpaka alipotulia. Ya tatu na ya nne waliuliza lilelile aliloniuliza yeye, nikajibu lilelile. Nyumba ya tano walitufungia mlango. Mama akavaa ndala zake, akaweka kapu sawa kichwani, tukaenda ya sita.